Mwanangu, Umeya Haupo Tena

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza jikoni na ya pili barazani, na mara zote nimecheka palepale uliposema wataka kurudi nyumbani ugombee umeya wa Mombasa. Meya wa mwisho alivua joho mwaka 2013, mwaka uleule uliopanda ndege kwenda Leicester. Na aliyeingia baada yake, utadhani watu walipanga mzaha, akawa Joho mwenyewe. Tangu hapo ni gavana, wala si meya: Hassan Joho vipindi viwili, kisha Abdulswamad Nassir tangu 2022. Jina la meya limebaki kwenye vibao vya barabara, kama ile ya Msanifu Kombo.

Nakuelewa lakini. Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala, kachaguliwa meya wa New York, na sasa kila kijana wetu aliye ughaibuni amesimama mbele ya kioo anajitazama. Si vibaya.

Umeniuliza mambo mawili: ugombee au usigombee, na mbona mimi niligombea mara moja tu nikanyamaza. Naanza na hilo la pili, maana la kwanza limelalia juu yake.

Ulikuwa na miaka saba, mwaka 2002. Nilitaka udiwani, ingawa jicho langu lilikuwa mbele zaidi. Siku hizo meya hakuchaguliwa na wananchi. Wananchi walichagua madiwani, na madiwani wakajifungia ukumbini wakamtoa mmoja wao. Kwa hivyo mwenye hamu ya umeya alianza na mtaa wake. Na mgombea huru hakuwako. Bila chama huendi popote, mpaka Katiba ya 2010 ilipokuja kufungua mlango huo. Chama changu, sikitaji, kilimpa tiketi mtu ambaye jina lake nililisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nikahamia chama kidogo ambacho wazee wa mtaani walidhani ni kampuni ya dawa ya mbu.

Kampeni iliangukia Ramadhani. Labda wakumbuka mikeka uani, wanawake wakija baada ya tarawehe, kahawa chungu, tende, kaimati. Wewe ulikuwa ukizungukazunguka na sinia ukijifanya unagawa, kumbe unakula. Bangili zangu mbili za dhahabu ziliondoka usiku mmoja mmoja, mpaka mkono ukabaki mweupe. Babako hakusema kitu. Alinunua tende nyingine.

Na kila usiku nilisema neno moja: maji. Nikichaguliwa, mifereji ya Majengo itatoa maji kila siku. Nililisema vizuri, mwanangu. Mimi mwenyewe nililiamini.

Kura zikapigwa tarehe 27 Desemba. Nilizopata zingejaa kwenye matatu kumi na mbili, na moja ingebaki na viti. Nikalia siku moja, ya pili nikafua mashuka.

Siku ya tatu akaja yule bibi wa nyumba ya nne, aliyekuwa akikuita mume wake. Kaja na mtungi wa lita ishirini, mtupu, kauweka hapo kwenye kizingiti. Akaniamkua, tukaulizana hali, akanipa pole. Kisha akauliza, "Na yale maji, mwanangu, yataanza lini?"

Nikamwambia, "Bibi, nimeshindwa."

"Hilo nimelisikia," akasema. "Mimi nauliza maji."

Hakuwa akinikejeli. Kwake yeye ahadi haikufungwa na kura. Mtu mzima alisimama mbele ya watu, mwezi mtukufu, akasema jambo. Basi jambo lile ni deni. Nilimjazia mtungi kutoka tangi letu, akaenda. Na mimi ndipo nikaanza kuuliza kile nilichopaswa kuuliza kabla ya kuuza bangili: haya maji yetu hutoka wapi?

Hutoka mbali. Mengine Mzima, kule Taita Taveta, bomba lake kupita kilomita mia mbili. Mengine Baricho, Kilifi. Mengine Marere, Kwale. Kisiwa hiki kimezungukwa na maji pande zote na hakina mto hata mmoja wa kunywa. Diwani wa Majengo angefungua bomba gani? Hata gavana wa leo hukinga maji yaliyopita kwa majirani kwanza. Ningeshinda, yule bibi angekuja na mtungi uleule kila siku kwa miaka mitano, na mimi ningekuwa nikitokea mlango wa nyuma.

Ndiyo maana sikurudi. Kura hazikunivunja moyo. Sikuwa na neno la pili la kuwaambia watu nikiwa nimekaa nao mkeka mmoja.

Sasa wewe. Umeandika kwamba utaifanya bandari iwalishe watu wa Mombasa. Maneno matamu, na kwenye uwanja wa Makadara watakupigia makofi mpaka mikono iwashe. Lakini bandari ni ya serikali kuu. Feri ya Likoni nayo imo mikononi mwa mamlaka ya bandari. Polisi si wa gavana. Soma Jedwali la Nne la Katiba, si refu, utaona kilichowekwa mikononi mwa kaunti: zahanati na hospitali zake, chekechea, masoko, taka, taa za barabarani, maegesho, leseni, mifereji ya mvua.

Huo wa mwisho usiudharau. Ule mfereji wa nyuma ya nyumba, Mei iliyopita uliziba kwa chupa za plastiki na makumbi ya madafu, maji machafu yakapanda ngazi ya kwanza, ya pili, yakasimama chini ya kitanda cha shangazi yako. Vijana walizibua kwa jembe na nondo, saa nane usiku, wakitukana. Mwanangu, gavana ni ule mfereji. Mtu akisimama jukwaani akautaja kwa urefu wake na mahali unapomwaga, mimi nitamsikiliza kuliko anayetaja meli.

Ya makaratasi nayapitia mbio. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027. Ugavana wataka shahada, unayo. Ile pasipoti ya Uingereza uliyotuonyesha kwenye simu kwa furaha, hiyo utairudisha na uraia wake uukane, kwa sababu Katiba haimruhusu afisa wa dola kuwa na uraia wa nchi mbili. Ujiandikishe hapa kama mpiga kura. Ukijiandikisha huko utapiga kura ya rais peke yake. Mwaka 2022 ada ya tume ya uchaguzi ilikuwa shilingi 50,000 kwa ugavana na 5,000 kwa uwakilishi wa wadi, na nusu yake kwa vijana, wanawake na walemavu. Wewe kisheria bado kijana mpaka utimize 35, ingawa hilo tumbo kwenye picha ya juzi lasema jingine. Ukitaka kuwa mgombea huru, saini 2,000 za wapiga kura wa kaunti kwa ugavana, 500 za wadi kwa uwakilishi.

Ada ndiyo rahisi. Ghali ni mlango. Siku utakapotangaza, watu watakuwa barazani kabla hujarudi kutoka Alfajiri: huyu hana karo, yule ana maiti na hana sanda, mwingine amekuja kunywa chai tu akuangalie. Huwezi kuwapa wote na huwezi kuwafukuza. Na watakuuliza wewe ni wa nyumba gani. Huu ni mji wa Thenashara Taifa, yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, haumpi mtu kiti kabla ya kujua babu yake kalala wapi. Mimi sipendi hilo. Wabara waliozaliwa hapa na kuzika hapa wana haki kama yetu. Lakini utaulizwa.

Rai yangu, kwa kuwa umeitaka: ugavana usiuguse mwaka huo. Wapiga kura wa kaunti wanapita laki sita. Wewe wamjua nani Jomvu? Likoni umeenda mara ngapi isipokuwa kupita kwenda Diani? Wadi ni thelathini, na moja yake wazijua harufu za vichochoro vyake. Njoo uitake hiyo. Na njoo mapema, masika haya, si miezi miwili kabla ya kura umebeba fulana za rangi. Kaa barazani. Usitangaze chochote. Watu wakikuuliza umerudi kufanya nini, waambie umekuja kumwona mamako, haitakuwa uongo.

Mwaka 2022 tulipiga kura mara mbili mwezi mmoja, maana karatasi za ugavana zilichanganyika ikabidi turudi tarehe 29 Agosti. Mara ya pili foleni ilikuwa fupi sana, wengi walichoka. Nilikwenda. Nyuma yangu alikuwa mjukuu wa yule bibi, marehemu Mungu amrehemu. Akaniambia, "Mama, ile ya maji bado tunaisimulia nyumbani."

Chumba chako nimekifagia. Ule ubao wangu wa kampeni uliokuwa umeegemea ukutani usiutafute, ndio kifuniko cha tangi la uani siku hizi. Nimeulaza kifudifudi, uso wangu waangalia ndani. Tangi ni tupu tangu Jumanne. Mwenye mkokoteni ameahidi kuja baada ya Asri.

Mamako