Kwa aliyeuliza: yakija maradhi tena, tufungue vipi? Jibu la mtu wa boti

Mkuu, umeuliza: yakija tena maradhi kama korona tukafunga, tutafungua vipi bila kuzikana? Wengi hapo juu wamekujibu kwa siasa. Mie nakujibu kwa boti, ndiyo niijuayo. Napeleka wageni kisiwa cha Changuu kutoka Forodhani, pwani ya mjini Unguja, miaka sasa.

Machi 2020 alipotangazwa mgonjwa wa kwanza hapa Zanzibar, ndege za wageni zikasita, boti nikaipandisha mchangani. Nilikuwa na mashine mbili za boti, moja niliiuza tukala pesa yake. Kwa hiyo anayesema "fungeni tu, afya kwanza" kama vile kufunga hakuna gharama, simuelewi.

Tarehe 6 Juni wageni wakaruhusiwa, na tukafungua kwa ndoo. Kila mlango ndoo ya bomba na sabuni, na mtu ameshika kile kidude cha kupimia joto kwenye kipaji. Tuliiamini ndoo kwa sababu kipindupindu cha 2015 na 2016 kilitufunza, hata juisi na vyakula vya njiani vikapigwa marufuku. Lakini kipindupindu kinaingia kwa mdomo, na hii ilikuwa inapita kwenye pumzi. Na kidude kile kinampitisha mtu asiye na homa, naye kumbe anaambukiza.

Hili nilijifunza baharini. Juni ni upepo wa kusi, ukitoka kidogo tu maji yanarukia ndani. Boti yangu ina turubai juu na mapazia ya nailoni ubavuni, wageni wakaomba niyashushe, nikashusha. Walikuwa kumi na wawili, wamebanana, wanacheka. Kufika nusu ya njia naona ile nailoni imeingia ukungu, mpaka mji hauonekani. Nikafuta kwa kidole, baada ya muda mdogo ukungu umerudi. Nikasema, lo, hizi ni pumzi za watu, nazikodolea macho. Siku ile ile nikayang'oa mapazia. Nikashusha idadi hadi sita, na watu wasiojuana siwachanganyi. Wakilowa, nimebeba khanga kuukuu za mke wangu wajifute. Pesa ilipungua, sikatai.

Na huko Changuu kwenyewe wageni wanataka kuona jela na kobe. Jela ile ilijengwa miaka ya 1890 wala haikupata kufungwa mtu, ikaishia kuwa pahala pa karantini ya abiria wa meli. Nilikuwa nayasimulia haya kila siku kama kasuku. Mwaka ule ndipo nikaanza kuwatazama wale abiria kwa jicho jengine: wamekaa kisiwani wakipigwa na upepo, mji wanauona tu.

Sasa aibu yangu. Desemba Warusi wakajaa, ndoo zikakauka, barakoa ikawa ya mfukoni. Takwimu za taifa zilisimama tangu Mei kwenye wagonjwa 509, nani angekumbuka? Januari 2021 nikaenda harusini, ukumbi umefungwa madirisha kwa sababu ya kiyoyozi. Siku chache baadaye nafungua kopo la karafuu nyumbani, nanusa kama nanusa mchanga. Karafuu, yakhe! Nilijua. Nikasema mafua ya kaskazi. Nikajifukiza mchaichai na majani ya mkaratusi, pua ikafunguka kidogo, basi. Ami yangu akaja kunitazama, akakaa chumbani mwangu karibu saa nzima ananisomea, mlango tumeufunga watoto wasipige kelele. Wiki ya pili tumemzika. Waliouliza tuliwajibu presha, na wengine wakasema "changamoto ya upumuaji", maneno yaliyokuwa yakitumika wakati ule.

Chama cha Maalim Seif kilitangaza waziwazi kuwa mwenyekiti wao ana korona, naye alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Alipofariki 17 Februari, ndipo pale barazani kwetu watu wakaanza kuyataja maradhi kwa jina: korona. Miye sikuweza kusema kitu siku ile, nikaondoka na kahawa yangu sijaimaliza.

Kwa hiyo ukiniuliza mie, kwanza fungua vya nje: pwani, soko, baraza. Skuli na vyuo vifunguliwe kabla ya kumbi za harusi, madirisha wazi hata kama vumbi litaingia, na wakigawiwa zamu asubuhi na jioni ni bora zaidi. Msikitini jamaa wasali uwani pakiwa na nafasi. Kumbi za kiyoyozi ziwe za mwisho kabisa, na wenye kumbi wasaidiwe kodi maana na wao wana watoto. Ndoo ziwepo, lakini asizihesabu mtu akaona kazi imekwisha. Na anayeumwa aachiwe aseme anaumwa nini bila kutazamwa vibaya, alipwe siku zake akae ndani. Ningesema ile karafuu siinusi, ami angekaa nje kwenye baraza na kunisomea dirishani. Dirisha lipo, linatazama pale pale alipokuwa akikaa kila jioni.

Mapazia ya nailoni bado yako darini. Kusi hili mgeni mmoja kalowa chapachapa, ananiuliza mbona boti za wenzangu zimefunikwa. Nimempa khanga.