Gofu la mhunzi lina nini hata walinde?

Kaka umeuliza kwa nini kule New South Wales, Australia, wanakataza kuchimba kwenye gofu la nyumba ya enzi za ukoloni na banda la mhunzi wakati zimebaki kuta mbili tatu tu, ishu haiko kwenye kuta bana iko kwenye udongo. Chuma cha moto kikigongwa kinarusha vigamba vidogo sana vinadondokea palepale, sasa wataalamu wanapitisha sumaku mraba kwa mraba, vilipojaa ndo wanajua fuawe, kile chuma kizito cha kugongea, ilikaa karibu na hapo. Bado mavi ya chuma, yaani taka ngumu zinazobaki kwenye moto wa mhunzi, misumari, vipande vya sahani upande wa nyumba. Greda likipita mara moja tu vyote vimechanganyika, ndo maana Sheria ya Urithi ya 1977 inataka kibali kwanza, hata kama shamba ni lako.