Mzee kakutwa na saratani ya tezi dume, tusikimbilie operesheni

Pole sana ndugu yangu, kwako na kwa mzee. Umesema ni Gleason 6 (alama ya ukali wa saratani hii, na 6 ni daraja la chini), haijatoka nje ya tezi, na nyumbani mnavutana, huyu anataka operesheni kesho yule mionzi. Mtulie kwanza, hiyo mara nyingi inakua taratibu sana, na ipo njia ya tatu, kufuatiliwa kwa karibu, yaani kipimo cha damu cha PSA kila baada ya miezi kadhaa, picha ya MRI, kinyama cha tezi kinachukuliwa tena kupimwa, ikibadilika ndo anatibiwa. Uingereza walifuatilia wanaume 1,643 kwa miaka kama 15, matokeo yakatoka 2023, makundi yote matatu (operesheni, mionzi na kufuatiliwa) karibu 97 kwa 100 hawakufa kwa saratani hiyo, ila kwa waliofuatiliwa tu ilisambaa karibu mara mbili ya wengine, kama 9 kwa 100 dhidi ya 5, kwahiyo kliniki asikose hata mara moja. Operesheni inaweza kuacha mkojo unavuja na nguvu za kiume zikapungua, mionzi husumbua zaidi choo kikubwa, na haya mzee hatayasema mbele ya wanawe, mwacheni aingie kwa daktari na mama peke yao. Halafu ombeni kopi ya majibu ya kinyama, mkamuone na daktari wa pili.