Umekabidhiwa kituo cha afya na watumishi wanasema "tumezoea hivi"? Anzia masijala

Mkuu, hongera kwa uteuzi, na pole pia. Umesema umekabidhiwa kituo cha afya, foleni inaanza kabla hakujapambazuka, na kila unachopendekeza unajibiwa "tumezoea hivi". Mimi nimekuwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, kwenye vituo viwili. Cha kwanza nilichemsha, kwa hiyo sikupi nadharia.

Kosa langu lilianzia kwenye 5S, ule utaratibu wa hatua tano wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi. Si kwamba 5S ni mbaya. Ilitoka viwandani Japani, Sri Lanka wakaiingiza kwenye hospitali ya wanawake ya Castle Street pale Colombo, na kwetu Tanzania ikaanzia Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007. Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia: nilizikariri semina nzima. Niliporudi nikabandika lebo kila kona, hadi kwenye ndoo ya kupigia deki (usicheke). Sakafuni tukapaka mistari ya njano. Wakaja watu wa tathmini ya nyota, ile ya kuvipa vituo nyota kwa ubora wa huduma, iliyoanza 2015 enzi za mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, tukapiga nao picha. Baada ya miezi mitatu lebo zote zimebanduka na mgonjwa bado anapoteza nusu siku. Vyumba viling'aa, lakini njia anayopita mgonjwa kutoka getini hadi dirisha la dawa hakuna aliyeigusa.

Kituo cha pili sikuitisha hata kikao. Nilikata vikaratasi 20, kila mgonjwa wa asubuhi akapewa kimoja, na kila chumba alichopita kikaandika saa ya kuingia na ya kutoka. Jioni tukavimwaga mezani. Wengi walikaa zaidi ya saa nne, ila muda waliokaa mbele ya mtaalamu haukufika dakika 20. Na mimi nilikuwa nimeshaandaa barua kwa mganga mkuu wa wilaya kuomba madaktari wawili wa ziada! Kumbe muda ulikuwa unaliwa masijala. Mafaili yalipangwa kwa majina, na kwa ukanda wetu ukimtafuta Mwajuma Juma unakutana na rundo la Mwajuma Juma.

Aliyetoa suluhisho ni mhudumu wa afya, mama aliyebakiza miaka miwili astaafu. Akaniambia, "Daktari, hili nimelisema tangu mfawidhi wa mwanzo, nikaambiwa nikafagie." Yeye alitaka tupange kwa namba. Nilichoongeza mimi ni kutumia tarakimu mbili za mwisho za namba ya faili, 00 hadi 99. Ukipanga kwa namba inavyofuatana, mafaili mapya yote yanarundikana rafu ya mwisho, watu wanagombania kona moja. Ukitumia za mwisho, yanatawanyika yenyewe. Vitenganishi tulikata maboksi ya dripu. Wikiendi tatu, soda na maandazi kutoka mfukoni kwangu, kazi ikaisha.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo swali lako lilipo. Kijana wa masijala alinuna kuliko wote. Nikadhani anaogopa kazi. Baadaye nikaambiwa faili lilikuwa likipatikana haraka kwa elfu moja. Kwa hiyo ukisikia "tumezoea hivi", chunguza ni ipi. Kuna ya mtu aliyechoka kwa kuona wafawidhi wanakuja na mabango na kuondoka, huyo mpe jambo moja dogo lifanikiwe ndani ya mwezi, atakufuata. Na kuna ya mtu anayekula kwenye foleni. Huyo hata umpeleke semina Japani, hatabadilika, mhamishe dawati. Nilimpeleka kwenye chanjo kuandika kadi, na nikiri, anafanya kazi nzuri tu.

Mfumo wa kompyuta ulipokuja tuliupokea vizuri kwa sababu namba zilishakaa sawa. Umeme ukikatika tunarudi kwenye rafu na maisha yanaendelea.

Kuhusu fedha, usisubiri wilaya. Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, ule unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja akaunti ya kituo, ila lazima zipite kwenye mpango wenu na kamati ya usimamizi wa kituo, yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Wengi wanaichukulia kamati kama muhuri tu. Mimi nilipeleka mpango wenye televisheni ya kuwaliwaza watu kwenye foleni. Mjumbe mmoja, mkulima, akauliza: "Mnataka tukae tukitazama taarifa ya habari, na choo cha wajawazito hakina mlango?" Televisheni ikafutwa palepale, mlango ukanunuliwa.

Fanya hivi Jumatatu: vikaratasi 20, saa ya ukutani kila chumba, na wewe mwenyewe ukae benchi asubuhi nzima bila koti jeupe. Halafu ufunguo wa sanduku la maoni mkabidhi mwenyekiti wa kamati. La kwangu lilikuwa tupu mwaka mzima, na ufunguo ulikuwa kwenye droo yangu.