Mama yuko gerezani, baba amekuja kudai watoto

SWALI: Binti yangu amefungwa miaka 3. Wanawe wawili, wa miaka 4 na 9, ninawalea mimi tangu mdogo akiwa na miezi 6. Baba yao hakumwoa binti yangu, na kwa miaka 2 hajatoa matunzo. Sasa anasema mama akifungwa, watoto ni wake. Nimpe?
Bibi, Morogoro

JIBU: Pole sana, mama. Usimkabidhi kwa kutishwa, wala usiwafiche watoto. Kifungo hakimwondolei binti yako haki za mzazi, na hakimpi baba watoto moja kwa moja. Anayeamua ni mahakama, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009.

Kifungu cha 37 kinamruhusu hata ndugu anayemtunza mtoto kuomba amri ya malezi. Fungua maombi Mahakama ya Watoto mapema. Wengi hukwama hapa: wanashika barua ya mtendaji wa mtaa au muhtasari wa kikao cha ukoo wakidhani yamekwisha. Hizo ni ushahidi tu, si amri.

Tukueleze ukweli. Kanuni ya "chini ya miaka 7" unayoisikia mtaani imo katika Sheria ya Ndoa ya 1971, na inampendelea mama, si bibi. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Mtoto nacho kinaona ni vema mtoto akae na mzazi, isipokuwa haki zake zikiwa zinakiukwa mara kwa mara. Hapo baba ana hoja. Lakini kifungu hichohicho kinaitaka mahakama ipime mwendelezo wa malezi, kutowatenganisha ndugu, na maoni ya mtoto akiyatoa mwenyewe. Hoja zako ndizo hizo. Huyo wa miaka 9 usimfundishe la kusema. Hakimu akigundua, maneno yake hayatabeba uzito.

Kusanya vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, ripoti na risiti za shule, na nakala ya hukumu ya binti yako. Yeye naye atoe kiapo cha maandishi kwamba anataka watoto wabaki kwako. Pitia ofisi ya mkuu wa gereza, kiapo kisainiwe mbele ya mwenye mamlaka ya kuapisha. Karatasi iliyoandikwa nyumbani ikasainiwa na ndugu kwa niaba yake haifai kitu.

Mahakama inaweza kuagiza taarifa ya ofisa ustawi wa jamii. Atataka kujua watoto wanalala wapi, wanakula nini, na ukiugua nani atawashika. Jibu la swali hilo la mwisho uwe nalo tayari, kwa jina la mtu.

Matunzo ni dai linalojitegemea: baba anaweza kuamriwa kutoa hata watoto wakibaki kwako. Naye anaweza kuomba kuwaona, kwa kifungu cha 38, na usimzuie. Omba pia amri itaje siku za kuwapeleka watoto gerezani kumwona mama yao. Akitoka, ana haki ya kuomba amri ya malezi ibadilishwe.