Moto Unaopotea na Kurudi: Ushauri kwa Fundi Anayeanza

Gari la zamani ambalo huzima njiani, likapoa kidogo, kisha likawaka kana kwamba halijawahi kuugua, humshawishi fundi mgeni kubadilisha kila kifaa kinachohusika na cheche. Usikubali. Ukifunga plagi, koili (kifaa kinachokuza volti 12 za betri ziwe volti za kutoa cheche) na kondensa (kifaa kidogo kinachohifadhi umeme kwenye saketi ya cheche) mpya kwa mkupuo mmoja, ubovu unaweza kujificha kwa wiki kadhaa, na utakaporudi hutajua pa kuanzia. Hitilafu ya namna hii hupimwa ikiwapo. Vipimo vilivyochukuliwa wakati injini inakwenda vizuri havithibitishi mengi.

Anza kwa kumhoji dereva. Kwa kawaida injini iliyokosa mafuta hulegea na kushtukashtuka kabla ya kuzima, ilhali iliyokatikiwa moto huzima ghafla. Ikiwa gari lina mita ya mizunguko inayopata ishara yake kwenye koili, uliza mshale ulifanya nini: ukianguka hadi sifuri huku magurudumu yakiendelea kuizungusha injini, basi umeme umekatika katika upande wa volti 12, si kwenye waya za plagi. Uliza tu, usimlishe dereva jibu.

Gari likizima mbele yako, usikimbilie kupiga stata. Fungulia swichi, kisha unganisha taa ya majaribio kati ya ncha chanya ya koili na bodi. Isipowaka, rudi nyuma ukague fyuzi, viungio na swichi yenyewe, ambayo ikichakaa hukata umeme funguo zinapotikisika. Gari linalowaka stata inapopigwa, likazima mara tu ufunguo unapoachiwa, mara nyingi lina kasoro kwenye rezista ya koili (kifaa kinachopunguza umeme unaofika kwenye koili) au waya wake, kwa sababu wakati wa stata umeme huikwepa rezista hiyo.

Taa ikiwaka, ihamishie kwenye ncha hasi na umwombe mwenzako apige stata. Inapaswa kumetameta kadiri pointi, yaani swichi ndogo inayokata na kuunganisha umeme wa koili, zinavyofunguka na kufunga. Ikibaki imewaka muda wote, pointi hazigusani au njia yake ya ethi (inayorudisha umeme kwenye bodi) imekatika; ikibaki imezima, ama koili imekatika ndani, ama pointi hazifunguki, ama kondensa imepiga shoti.

Hapo kwenye njia ya ethi ndipo ninapopenda kukawia, maana wengi hupapita. Ndani ya distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, mna waya mfupi unaounganisha sahani ya pointi na mwili wa distributa. Sahani hiyo hugeuka kila kivuta hewa (kifaa kinachoendeshwa na mvuto wa hewa wa injini) kinapobadilisha wakati wa cheche, na waya hupindwa pamoja nayo kwa miaka mingi, hadi nyuzi za shaba zikatike ndani ya ganda ambalo kwa macho bado ni zima. Uvute taratibu: ganda likirefuka, shaba haimo. Pima pia ukinzani wake huku ukiigeuza sahani kwa mkono, kwa kuwa waya huo unaweza kugusa vizuri sahani inapotulia na kuachia inapogeuka. Ndiyo maana gari hulalamika pedali ya mafuta inapokanyagwa kwa kiwango fulani tu.

Koili ishukiwe pale gari linapozima likiwa na joto. Ipime ikiwa moto: saketi yake ya msingi (ya upande wa volti 12) huwa na ukinzani wa takriban omu 3 kwa koili isiyotumia rezista, na karibu omu 1.5 kwa inayotumia, ingawa kitabu cha gari husika ndicho cha kufuatwa. Tatizo likija na mvua au umande, tazama injini ikiunguruma gizani huku ukipuliza ukungu mwembamba wa maji kwenye waya za plagi na kofia ya distributa. Cheche za buluu zitakuonyesha panapovuja. Usishike chochote hapo, kwani volti hufika maelfu mengi.

Ukishapata kifaa unachokishuku, funga kizima, endesha hadi joto lilelile lifikiwe, kisha, pale inapowezekana, rudisha kile kibovu uone kama ugonjwa unarudi.