Kupanga begi la mgongoni lisikuvute nyuma

Kilo 12 zilizopangwa vizuri hubebeka kutwa nzima. Kilo hizohizo zikitupwa ovyo ndani ya begi lilelile, kabla ya saa sita mchana mabega yanawaka, umeinama kama unatafuta kitu chini, na kila ukivuka jiwe begi linakuyumbisha. Uzito haujaongezeka hata gramu moja, ila umekaa mahali pasipo pake.

Begi linaning'inia nyuma ya mwili, na kadiri kitu kizito kinavyokaa mbali na mgongo ndivyo kinavyoyavuta mabega kurudi nyuma. Ili usianguke, unainama mbele, na huko kuinama saa baada ya saa ndiko kunakoumiza shingo na kiuno. Kwa hiyo ukipanga begi jiulize mambo mawili kuhusu kila kitu: kina uzito gani, na nitakihitaji saa ngapi?

Anza kwa kumwaga kila kitu sakafuni. Usipange kitu ambacho hujakiona kikiwa na wenzake, kwa sababu hapo ndipo visu vitatu na suruali ya tatu vinapojulikana. Kisha pima. Panda kwenye mzani ukiwa umevaa begi, panda tena bila begi, toa. Kwa matembezi ya siku moja, begi lisipite asilimia 10 ya uzito wa mwili wako. Kwa safari ya kulala nje, asilimia 20 ni kikomo kizuri. Mtu wa kilo 65 basi abebe kilo 13, maji na chakula vikiwemo. Wengi hupima begi likiwa kavu halafu wanaongeza lita 3 za maji mlangoni, na hizo ni kilo 3 kamili.

Kuhusu ukubwa, lita 20 hadi 30 zinatosha kwa siku moja, 40 hadi 50 kwa siku mbili tatu, na 60 hadi 70 kwa safari ndefu au ya baridi kali. Begi kubwa kupita mahitaji lina hasara mbili: linakushawishi ulijaze, na usipolijaza vitu vyote vizito vinatumbukia chini.

Pa kupunguza ni pengi kuliko watu wanavyodhani. Toa chakula kwenye maboksi na makopo, kigawe kwa siku kwenye mifuko ya zipu, andika siku kwa kalamu ya wino mzito. Gramu 600 hadi 700 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku zinawatosha wengi. Mafuta ya kupikia na krimu ya jua vitie kwenye chupa ndogo, kila moja ndani ya mfuko wake, maana vifuniko hufunguka vikibanwa. Nguo ni seti moja ya kutembelea, seti moja kavu ya kulalia, kitu cha joto, koti la mvua na soksi za kubadilisha. Ile seti ya kulalia usiitembelee kamwe, hata kama asubuhi nguo nyingine bado zina unyevu na hazivutii kuvaa. Siku utakayolowa mpaka mifupani, seti hiyo ndiyo itakayokupa usingizi.

Kabla ya kitu chochote kuingia, tandika ndani ya begi mfuko mmoja mkubwa wa plastiki nzito, ule wa taka, wenye kimo kuliko begi lenyewe. Kile kifuniko cha mvua cha kuvalisha nje kinasaidia, lakini hakizuii maji yanayotiririka kati ya mgongo wako na begi, na upepo ukikipata unaweza kuondoka nacho. Mfuko wa ndani haupeperuki. Ukimaliza kupakia vitu vinavyopaswa kubaki vikavu, kamua hewa, sokota mdomo wa mfuko na uukunje kuelekea chini.

Chini kabisa huenda mfuko wa kulalia. Usiuviringishe, bali ushindilie kwa ngumi kidogo kidogo. Hapa kuna kosa ambalo hata wazoefu hulifanya: kuubana kwenye kifuko chake hadi unakuwa tufe gumu. Tufe haliwezi kujaza pembe. Linaacha nafasi tupu kila upande, na baada ya mwendo wa saa mbili vitu vya juu vinazama kwenye nafasi hizo, begi linapinda. Uache huru ndani ya plastiki, ujaze pembe zote, halafu nguo za kulalia zifuate.

Katikati ndipo mahali pa maana kuliko pote. Vitu vizito vyote, yaani chakula, sufuria na jiko, turubai la hema na maji ya akiba, vinakaa hapa vikiwa vimegusa ubao wa mgongo, yaani upande wa begi unaoegemea mgongo wako, kuanzia juu kidogo ya kiuno hadi kwenye makombe ya mabega. Kwenye njia nzuri, sogeza uzito juu kuelekea makombe ya mabega, utatembea umenyooka. Kwenye mawe, miteremko mikali au pa kuvuka mto, ushushe hadi katikati ya mgongo, kwa sababu uzito ulio juu hukupindua pale mguu unapoteleza. Upande wa nje jaza vitu vyepesi na laini: sweta, soksi, taulo. Kazi yake ni kuvisukumiza vile vizito mgongoni visihame. Sufuria isibaki na hewa ndani. Jiko na kiberiti viingie humo, na kitambaa kizuie kugongana. Chupa ya mafuta ya jiko isimame wima kwenye mfuko wa ubavuni, au ikibidi kuwa ndani, chini ya chakula. Ikivuja juu ya mchele, mchele huo haufai tena.

Hema si lazima likae pamoja. Fito zisimamishe kwenye pembe ya ndani, vigingi vitie kwenye kifuko kigumu visije vikatoboa plastiki. Kifuniko cha nje cha hema, ambacho asubuhi mara nyingi kina umande, kikung'ute na ukiweke kwenye mfuko wa nje.

Angalia pia kushoto na kulia. Chupa moja ya lita 2 upande mmoja inalalia nyonga hiyo siku nzima. Chupa mbili za lita 1, moja kila upande, ni bora zaidi, na unywe kwa zamu.

Juu kabisa: koti la mvua, kitu cha joto, chakula cha mchana. Kwenye kifuniko cha begi: tochi ya kichwani, huduma ya kwanza, ramani, karatasi za chooni. Koti la mvua litoke bila kushusha kitu kingine, na tochi uipate kwa kupapasa gizani. Ukishindwa, panga upya. Betri moja ya tochi igeuze, la sivyo tochi inaweza kujiwasha ndani ya begi na ukaikuta imekufa usiku unapoihitaji.

Vitu vya kuning'iniza nje mimi sivipendi kabisa. Kikombe kinachobembea kinanasa kwenye matawi na kuvuta begi pembeni. Mkeka wa sponji unaweza kukaa nje, umefungwa barabara. Godoro la kupuliza libaki ndani, mwiba mmoja unalimaliza.

Baada ya hapo ni mikanda, na mpangilio wake una maana. Legeza yote. Linyanyue begi kwa kitanzi cha juu, lipumzishe pajani, pitisha mkono mmoja kisha wa pili. Ukilinyanyua kwa mkanda wa bega, nyuzi zitakatika. Funga kwanza mkanda wa kiunoni, katikati yake ikae juu ya mfupa wa nyonga, wala si tumboni. Huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya mzigo. Kisha vuta mikanda ya mabega hadi iguse bega bila kubeba uzito. Halafu vile vikanda vidogo vinavyotoka begani kwenda juu ya begi, vivute hadi viwe kwenye mshazari wa nyuzi 45 hivi. Mwisho mkanda wa kifuani, chini kidogo ya mtulinga, usibane pumzi.

Bega likiuma juu, mkanda wa kiunoni umeteleza, uupandishe. Vidole vikifa ganzi, umebana mno mabegani au kifuani. Begi likiyumba, kaza mikanda ya ubavuni, ile inayolibana begi pande zote mbili. Ila begi fupi au refu kuliko mgongo wako halitengenezwi na mikanda. Pima kuanzia kile kifupa kinachotokeza chini ya shingo unapoinamisha kichwa, hadi usawa wa sehemu ya juu ya mifupa ya nyonga, ununue kwa kipimo hicho. Kisha litembeze nusu saa na upande nalo ngazi kabla ya siku ya safari.

Njiani, kila asubuhi begi ni jipya. Chakula kinaliwa, na kwa kuwa kilikaa katikati, kunabaki shimo palepale ulipohitaji uzito. Vuta turubai la hema na maji ya akiba vije karibu na mgongo kuliziba, takataka zifunge kwenye mfuko wa zipu uziweke nje, kisha kaza mikanda ya ubavuni tena kabla ya kulivaa.